Betri Zilizoanikwa Pamoja na Dagaa

Buzebazeba nzima, mtaa wetu wa Kigoma, fundi redio mwanamke nilikuwa mimi peke yangu, na ulimi wangu ulivuma kuliko kazi yangu. Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia mbele ya safari.

Miaka ile kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa, na waliopata kibali walikuja mjini kwa siku chache. Ijumaa moja mwalimu kutoka Burundi alisimama mbele ya meza yangu, amebeba kigari cha rimoti ndani ya mfuko wa rambo. Kambini, akanieleza, lilikuwa linaanzishwa darasa la ufundi wa redio na simu, na nafasi ya ualimu ilikuwa moja tu. Kila mwombaji alitakiwa afike Jumatatu na kitu alichotengeneza kwa mikono yake, tena kiwe kinafanya kazi. Kigari alikipata kwenye marundo ya nguo za msaada, kizima kabisa ila hakina betri. Kibali chake kilikuwa kinaisha Jumapili.

"Mwaka wa tatu huu sijashika chaki, dada," alisema. "Nikiikosa hii, nitasahau hata mimi nilikuwa nani."

Nikamsogezea kigoda.

Ukipasua ganda la betri ya laptop mbovu, ndani unakuta betri ndogo nene kama kidole gumba, na si zote zilizokufa. Tulipasua maganda yangu yote, tukapima moja moja kwa mita, tukapata nne zenye uhai. Tukazifunga mbili mbili ubavu kwa ubavu ili zidumu, kisha jozi tukaziunga moja baada ya nyingine ili volti zijumlike. Mwalimu alilehemu upesi, bila kuikawiza pasi ya risasi juu ya betri, nami nikaona wivu wa kifundi. Mwisho tukaviringisha tyubu ya baiskeli juu yake. Jumamosi jioni kigari kilikimbiza kuku wote wa uani, na yeye akacheka kama aliyekuwa amesahau namna yake.

Aliniachia betri niijaze chaji, akaenda kulala kwa jamaa yake Ujiji. Jumapili asubuhi nilipeleka redio ya mteja Bangwe. Niliporudi nikamkuta mwalimu mlangoni, tukaingia wote. Mama yangu alikuwa ametandaza dagaa juu ya bati uani. Katikati ya dagaa, jua limeipiga sawasawa, ilikuwepo betri yetu.

"Nimemwongezea mgeni nguvu za safari," alisema mama, amefurahi.

Nani Kigoma hajaanika betri za tochi juani? Hata mimi nimezianika utoto wangu wote. Lakini hizi haziamshwi kwa jua, jua linaziua, na mpira mweusi ndio ulizidisha moto. Nilifoka. Nilimwambia mama amemmaliza mtu wa watu, amebomoa kazi ya siku mbili kwa dakika moja, na majirani wote walisikia. Mama aliinamia dagaa wake, akawa anawageuza mmoja mmoja.

Mwalimu hakunitazama. Alichuchumaa karibu na mama, akamuuliza kwa Kirundi zimekaa hapo tangu saa ngapi. Mama akamjibu kwa Kiha chetu, lugha ndugu na Kirundi, wakaelewana bila mkalimani. Kisha akasema, "Murakoze cane, mama," ile shukrani kubwa ya kwao, na alishukuru kwa dhati.

Tulisubiri zipoe kivulini, tukazifungua juu ya mchanga mbali na nyumba. Mbili zilikuwa zimevuja, zinanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mbili zilikuwa kavu, ila moja imeizidi nyingine chaji. Mwalimu aliziunganisha ubavu kwa ubavu hadi zilipolingana, ndipo akaziunga upya mfululizo. Nilimwachia kila kitu kwa sababu hasira yangu ilikuwa bado haijapoa. Kigari kilikwenda mlangoni na kurudi, akakizima ili asiimalize chaji, akakimbilia basi la Kasulu, njia ya kambini. Hakuna aliyejua kama kingefika mwisho wa onyesho la Jumatatu.

Wiki nzima mimi na mama tulizungumza habari za chumvi na kuni tu.

Mwalimu alipopiga simu niliweka sauti kubwa ili mama asikie. Kigari kilizimika katikati ya chumba cha usaili, mbele ya wote. Wasaili wakamuuliza kwa nini, naye akawaeleza habari ya dagaa bila kuficha kitu. Wakamuuliza: sasa watu kama huyo mama utawafundishaje?

"Nikasema nitaanza kwa kuwaambia hawakukosea," alisema. "Betri ya tochi ikipata joto kweli huamka kidogo, na jambo hilo waliligundua wenyewe bila mwalimu. Nikishawaambia hivyo, watanisikiliza kuhusu hizi nyingine. Dada, nimeanza kazi leo."

Nilipiga kelele za furaha. Mama alipangusa mikono kwenye kanga, akaketi kwenye kigoda changu cha ufundi, akaningoja ninyamaze.

"Siku ile ulinisema kwa sauti," alisema.

Nikasimama katikati ya uani, nikamwomba mama yangu radhi kwa sauti ileile, mpaka jirani wa nyumba ya pili akachungulia.