Kioo cha Fundi wa Tovuti

Fundi wa tovuti hapa mjini ana kompyuta yenye kioo kipana kuliko dirisha la ofisi yake, na kila asubuhi hukifuta kwa leso, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto mchanga. Kila tovuti huitengeneza kwa kipimo cha kioo hicho. Mteja akilalamika kwamba kwake inatokea nusu, fundi humshika bega na kumwambia kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya, "Kioo chako ni kidogo. Pole sana."

Jana alikuja Mama Elinipendo, anayepandisha wageni mlimani. "Mwanangu, kule ofisini kwangu Kiboriloni, kwenye picha ya mlima ya tovuti yangu, naona kilele cha Mawenzi tu. Kibo imekatwa, na namba zangu za simu na faksi zimekwenda nayo. Wageni watanipataje?" Fundi hakugusa kompyuta. Alinyoosha kidole dirishani, kwenye mawingu. "Mama, hata mlima wenyewe leo hauonekani wote. Na wageni si wanakuja tu?" Mama akatazama. Nasi tuliokuwa tukisubiri zamu tukatazama. Mawingu yakafunguka polepole, na mlima ukatokeza wote, Kibo na Mawenzi, ukaenea ndani ya kile kidirisha bila kukatwa popote. Fundi akainuka, akavuta pazia. "Mwanga huu," alisema, "unaharibu kioo."