Mpike Kama Kwenu

Pale Kiseke, kibanda cha Sabina hakikuwa na bango wala orodha ya vyakula. Mteja alitaja anachotaka kwa jina alilolelewa nalo, na Sabina akampa. Aliyetaka ngogwe alipata ngogwe. Aliyetaka nyanya chungu alipata nyanya chungu. Jirani yake Paskazia, Mhaya anayeuza ndizi mlango wa pili, alitaka ntongo, naye alipata. Wote watatu walikula kutoka sufuria moja, kila mmoja akiamini kwamba katika Mwanza nzima hapa tu ndipo anapopikiwa cha kwao.

Mwalimu mmoja kijana, mwenyeji wa Mtwara, aliuliza siku moja kama kuna ugali wa makopa. Huku kwetu muhogo huvundikwa kwanza ndipo ukaanikwa, na unaitwa udaga. Sabina hakumweleza hayo. Alisema, "Upo, mwanangu," akampakulia. Mwalimu alikula mpaka mwisho, akanawa, akasema kwa upole kwamba makopa ya Mwanza yamechacha kidogo.

Watu waliita ule ukarimu. Wenye akili za biashara waliuita akili ya biashara. Ilikuwa hofu.

Sabina alizaliwa kwenye kambi ya wavuvi, kisiwa cha mawe na mabanda ya mabati ambacho wavuvi hukihama samaki wakihama. Mama yake alifika pale na mitumbwi iliyotoka ng'ambo. Au labda alikuwa wa huku, akaenda ng'ambo, akarudi. Waliojua hawakusema, na aliyepaswa kusema alikufa kwa homa kabla binti hajafikia umri wa kuuliza. Alimwachia urithi wa namna moja ya kupika samaki, na maneno machache. Sangara mama yake alimwita mbuta. Dagaa aliwaita omena. Kwa Mwanza, maneno hayo mawili yanatosha kumvusha mtu mpaka bila nauli.

Kwa hiyo aliyakunja kama nguo ya msiba, akayaweka chini kabisa, na juu yake akapanga maneno ya wateja. Akiulizwa ametoka wapi, alisema visiwani. Visiwani wapi? Kule kule. Ziwa lina visiwa vingi, na watu wa Mwanza wana adabu, au wana haraka. Kitambulisho cha taifa hakuwa nacho, kwa sababu kukipata huulizwa babu alizaliwa wapi, na yeye hata baba hakuwa na uhakika naye. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la Paskazia.

Angeweza kuzeeka hivyo. Lakini fundi viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara alichukuliwa asubuhi moja, kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi, akapandishwa gari na kupelekwa mpakani. Watu walisema ni majungu ya shemeji zake. Sabina alikuwa na maelezo yake mwenyewe, na hakumpa mtu. Aliwahi kumsikia fundi yule akiagiza omena kwa sauti kubwa, kama mtu asiye na watoto.

Sabina alikuwa na mmoja, Precious, wa darasa la sita. Wakimchukua mama, mtoto atabaki na nani? Wakiwachukua wote wawili, watawashusha wapi, na huko watasalimia kwa lugha gani?

Ndipo Bwana Chenge akahamia Kiseke.

Chenge alifanya kazi katika ofisi inayohusika na nani ni wa wapi. Alikuwa Msukuma mnene, mchangamfu, mpenda utani, na hilo ndilo lililotisha, kwa sababu mtu mkali unamwona akija. Alikula kwa Sabina kila mchana, na alikuwa na mchezo wake. Alisikiliza watu wakiagiza, kisha akawatajia kwao.

"Wewe dada, umesema mahamri?"

"Nimesema mahamri, kwani kuna nini?"

"Tanga!"

"Pangani," dada akakiri, akicheka. "Umejuaje?"

"Mdomo ndiyo pasi yako, dada yangu. Unatembea nayo wazi." Akamgeukia dereva wa bodaboda. "Na wewe ngosha usijifiche nyuma ya ugali. Wewe hata ukinyamaza najua. Unavyomeza tu, Magu!"

Kibanda kizima kilicheka. Sabina naye alicheka, akichelewa kidogo, kama mtu anayefuata wimbo asioujua.

Zamu yake ilifika siku ya mvua, wateja wakiwa wachache. Chenge alinyoosha kijiko kwenye bakuli. "Mama Precious, hii kwenu mnaitaje?"

"Unavyoiita wewe, mkuu."

"Mimi ni mteja. Wewe ndiye mpishi." Alitafuna taratibu. "Nimekusikiliza wewe. Kwa huyu unasema ngogwe, kwa yule ntongo. Kande, makande, pure, yote unayo. Mtu mwenye kwao ana jina moja, mengine anayacheka. Wewe hulicheki hata moja."

Alisema akitabasamu. Sabina alimwongezea kipande cha nyama, jambo ambalo mtu asiye na wasiwasi asingelifanya. Chenge akakitazama kile kipande kwa muda kabla ya kukila.

Siku iliyofuata alikuja na sato mkubwa kutoka mwaloni, soko la samaki, akining'inia kwenye kamba ya katani.

"Mpike kama kwenu," akasema. "Si kama kwangu, si kama kwa Paskazia. Kama kwenu. Kesho mchana nakuja kumla."

Sabina alimweka samaki kwenye beseni, akakaa akitazamana naye. Akimpika Kisukuma, Chenge ni Msukuma. Atamkamata kwenye tonge la kwanza. Akimpika na ndizi, Paskazia atafika kunusa, na Paskazia hajui kunong'ona. Akimtia nazi, nani ataamini? Alizipitia sufuria zote alizozijua, na kila moja ilikuwa na mwenyewe, anakaa mtaa uleule, ana ulimi. Ilibaki ya mama yake tu. Hiyo hapa Kiseke haikuwa na mwenyewe, kwa hiyo haikuwa na wa kuisahihisha. Mtu akishamaliza uongo wote hula kiporo, na kiporo chake kilikuwa ukweli.

Akampasua mgongoni, akamfungua kama kitabu, akampaka chumvi na kumwanika juani mpaka jioni. Kesho yake akamchemsha bila mafuta na bila nyanya, akamalizia kwa maziwa yaliyoganda, akikoroga upande mmoja ili yasikatike. Alikuwa hajapika hivyo tangu akiwa mtoto. Mikono haikumwuliza kitu. Na alipoweka sahani mezani, aligundua kwamba amekigeuza kichwa cha samaki kimwelekee mgeni, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Alitaka kukigeuza. Chenge alikuwa ameshakaa.

Chenge alikula. Sabina alisimama nyuma yake akihesabu vijiko vilivyokuwa vimekwisha kuhesabiwa. Mwisho Chenge akapiga meza.

"Ukara!"

"Nani?" Paskazia akauliza kutoka mlango wa pili.

"Mama Precious ni Mkara! Nilikwenda kisiwani Ukara kwenye semina. Kulikuwa na samaki, kulikuwa na maziwa."

Kwamba samaki na maziwa huenda vililetwa kwa nyakati tofauti, hilo semina haikulifafanua. Sabina aliinamisha kichwa, na Chenge akakisoma kichwa kile kama kukiri.

"Kumbe Mkara!" Paskazia akapaza sauti, na kufikia jioni mtaa ulikuwa umeshajua. Dereva wa bodaboda alianza kumwita mama wa Ukara. Sabina aliuvaa Ukara kama kiatu cha mtumba: kilimwenea, lakini ndani kilikuwa na umbo la mguu wa mtu mwingine.

Alikivaa kwa muda mfupi tu. Ijumaa, Chenge alifika uso unang'aa.

"Nina zawadi yako. Bibi mwenye nyumba yangu, Bibi Modesta, ni Mkara halisi. Jumapili baada ya misa namleta. Mzungumze Kikara mpaka mchoke. Mpikie vilevile."

"Asante, mkuu," Sabina akasema.

Alifikiria kukimbia. Alitoa begi uvunguni, akaweka sare ya shule ya Precious, akaitoa tena. Mtu anayekimbia hukimbilia kwao. Yeye hata upande wa kuelekea hakuujua. Precious alimkuta ameketi kitandani na begi tupu mapajani.

"Mama, tunasafiri?"

"Nalikung'uta vumbi."

Jumapili ikafika, kwa sababu hakuna aliyeizuia. Paskazia alikuja na kitambaa kipya cha meza na kiti chake mwenyewe, asipitwe. Bibi Modesta alishuka kwenye bajaji akishikiliwa mkono na Chenge, mkongwe mdogo mwenye macho makavu na rozari shingoni.

Sabina alipiga magoti. Kupiga magoti kuna faida hii, hakudai lugha.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakusema marahaba. Alianza kusema kwa lugha yake, maneno marefu, moja limeshika mkia wa jingine, akimtazama Sabina usoni. Sabina hakuambulia hata moja. Alibaki magotini, macho chini, akamsikia Chenge akipumua kwa furaha. Alimsubiri bibi ageuke na kusema, huyu si wetu.

Bibi alimaliza. Akanawa. Akala. Alianza na kichwa, akakinyonya jicho kwa jicho, akapangusa maziwa kwa tonge.

"Bibi," Chenge akashindwa kuvumilia, "nimepatia au nimekosea?"

"Subiri nimeze." Akameza. "Wa kwetu huyu. Lugha wamempotezea huko visiwani, lakini mkono anao."

"Sikusema mimi?" Chenge akaruka. "Sikusema?" Simu yake ikaita, akatoka nje kupokea, na akasikika akimwelezea mtu wa upande wa pili jinsi alivyolitambua kabila kwa kijiko. Paskazia alimfuata, apate kuisikia vizuri.

Bibi Modesta aliinamia sahani. Aliongea kwa Kiswahili, chinichini, bila kuinua uso.

"Kwetu samaki hatumtii maziwa, binti."

Sabina alitazama mlango.

"Sijapata kumwona amepikwa hivi tangu nikiwa msichana. Na hapo sikuwa Ukara."

"Ulikuwa wapi, bibi?"

"Unaniuliza wewe?" Bibi alichambua mwiba, akauweka pembeni kwa uangalifu. "Nimempangisha mtu anayejua kwao kila mtu. Kila asubuhi ananisalimia, kila jioni ananisikiliza nikisali. Unadhani mimi nalala?"

Nje, Chenge alicheka kwa nguvu. Wote wawili wakashtuka kwa pamoja, kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Bibi ndiye aliyetangulia kujirudi.

"Jumapili ijayo nitakuja tena. Na kichwa ni changu, usimpe mwingine." Kisha, kwa sauti kubwa, kwa ajili ya mlango: "Marahaba, mwanangu, marahaba! Mungu akubariki!"

Bajaji ikaondoka. Sabina aliosha sahani, akaiosha tena. Hakujua kama ameokolewa au amebadilishiwa mlinzi. Mtu aliyejua alikuwa mmoja, na mtu huyo sasa alikuwa na siku yake ya kula.

Precious alikuwa amesikiliza nyuma ya pazia, lakini sehemu ya sauti kubwa tu. Alitoka amesimama wima kuliko kawaida.

"Mama, kumbe sisi Wakara!"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia? Kesho naenda kuwaambia shuleni. Akina Hellen kila siku wananicheka kwamba sina kabila." Akashika mlango, akafikiri. "Mama, Wakara sangara wanamwitaje? Lazima wataniuliza."

Sabina alifungua mdomo. Neno lililopanda lilikuwa lile la chini kabisa, la mama yake, likiwa limekunjwa vilevile. Akalimeza.

"Subiri Jumapili," akasema. "Tutamuuliza bibi."

Kisha akafunga mlango, ingawa jua lilikuwa bado liko juu.