Bibi Asiye na Mwaka

Jumatatu, kwenye kliniki ya macho, programu ya kupanga foleni iligoma. Kazi yake ni kutanguliza wazee. Fundi alikuwa ameihamishia kwenye toleo jipya la lugha ya kompyuta iliyotumika kuiandika.

Bibi mmoja wa kijiji cha Ihanja akasogea dirishani. "Mjukuu wangu, hii mara ya tatu. Leo nitaonwa, au narudi na ukungu wangu?"

"Shikamoo, bibi." Fundi akagusa skrini. "Imekwama kwenye jina lako. Halina mwaka wa kuzaliwa. Toleo la zamani lilikuwa linanyamaza tu, linakuweka nyuma ya wote. Hili limekataa."

"Kumbe mimi ndiye mtoto wenu hapa!"

Watu wakacheka. Mimi, niliyekuwa kando ya fundi, nilishindwa kucheka. Fomu yake niliijaza mimi, siku nilipoandikisha wagonjwa wa kliniki kanisani kwetu. Aliponiambia alizaliwa mwaka wa nzige, nikaona uvivu kuulizia, nikaacha wazi. Mungu anisamehe.

Nikakiri palepale. Wazee wa foleni wakasaidia kukadiria mwaka, fundi akauandika, bibi akaitwa wa kwanza. Tangu asubuhi tulikuwa tunalilaumu toleo jipya. Lenyewe lilikataa kuendelea bila kumjua bibi. Mimi, ninayesali kila Jumapili, niliendelea.