Mkunga wa Kawajense anayevaa leseni shingoni

Tu-tu-tu-tu-tu. Sauti inatoka nyuma ya pazia la kijani, haraka haraka, kama mtoto anayekimbia na ndala kwenye sakafu ya saruji.

Upande huu wa pazia, kwenye benchi, Mama Immaculata anaacha rozari mapajani na kutega sikio. Ni mkulima wa Katumba, umri umeshavuka sitini, amezaa na kulea, lakini mlio wa namna hii hajawahi kuusikia.

"Dada nesi, hiyo pikipiki ya nani humo ndani?" anauliza kwa nguvu.

Nyuma ya pazia kicheko kinalipuka. "Si pikipiki, mama. Huyo ndiye mjukuu wako. Moyo wake huo kwenye mashine, anakusalimia."

Mama Immaculata anafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha anawaambia wanawake waliopanga foleni kwamba vumbi la barabara ya Katumba limezidi mwaka huu.

Aliyemjibu ni Klementina Ponsian (43), muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya kata ya Kawajense, mjini Mpanda. Anayepimwa ni Joséline (22), mke wa Didace, mtoto wa Mama Immaculata. Siku zake zimetimia. Anaweza kujifungua wiki hii.

Mimba hii ni ya pili. Ya kwanza ilimwachia kaburi dogo nyuma ya nyumba.

Siku ile Joséline alikuwa amekuja mjini kuuza mchele. Uchungu ukamshika sokoni. Wasamaria wakamkimbiza kwa mwanamke mmoja mwenye koti jeupe, ambaye mtaa mzima ulimwita nesi. Hakuwa nesi. Aliwahi kufanya usafi kwenye duka la dawa, na siku alipoacha kazi aliondoka na koti.

"Kila nikimuuliza, ananiambia bado kidogo," anasema Joséline. "Asubuhi bado kidogo. Mchana bado kidogo. Alikuwa hajui, na alikuwa anaona aibu kusema hajui."

Mtoto alitoka kimya. Alikuwa wa kiume.

Klementina huwa mpole anapoongea na wajawazito, lakini habari hii humpandisha sauti. "Mjini hapa kila mwenye koti jeupe ni nesi! Anayeuza panadol, nesi. Anayepiga deki wodini, nesi. Sasa mama mwenye uchungu atatofautishaje? Nyie mnataka aanze upelelezi huku amejishika kiuno?"

Jibu lake amelivaa. Shingoni, kwenye uzi mnene, kunaning'inia kifuko cheusi cha ngozi. Ndani yake imo leseni yake ya uuguzi na ukunga, yenye picha, jina na namba. Kabla hajamgusa mwanamke yeyote, hutaja jina lake kamili, hufungua kifuko na kumpa asome. Asiyejua kusoma husomewa na aliyemsindikiza. Ndipo Klementina hunawa mikono.

Mwanzoni alitumia vifuko vya plastiki, lakini dawa ya kuulia vijidudu ilikuwa ikivikakamaza mpaka vinapasuka. Akampelekea kazi hiyo Othmani, fundi viatu wa karibu na soko.

"Nilimuuliza, dada, humu unaweka dawa ya kumtuliza shemeji?" anakumbuka Othmani, akicheka mpaka sindano inamponyoka. "Akaniambia shona, acha maneno. Nikamshonea ngozi ya kiatu cha jeshi. Hiyo itamzika."

Hata wenzake kazini hawamwachi. "Dada Klementina, mhuri nao ungeuchanja usoni tukajua moja," humtania Edgar, tabibu wa zamu. Yeye humjibu bila kugeuka: "Wewe leseni unayo ya kuonyesha? Lete tuone."

Utaratibu huo hakuutunga. Aliuona Karema, kwao, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, alipokuwa darasa la sita. Baba yake, mzee Ponsian, alikuwa mvuvi mwenye boti, na mara nyingi boti hiyo iliacha samaki ikabeba wajawazito waliozidiwa. Safari moja alipanda mkunga mgeni. Mama aliyelazwa kwenye mbao alikuwa akipiga mayowe mpaka watu wa ufukweni wakasimama.

"Yule mkunga hakumshika kwanza," anasimulia Klementina. "Aliinama, akamwambia: mimi naitwa fulani, nimesomea kazi hii mahali fulani, na nitakaa na wewe mpaka mwisho. Mama akanyamaza. Akamtafuta mkono, akaushika. Mimi nikasema moyoni, kumbe jina la mtu ni dawa."

Akasoma. Ada ilitoka ziwani, kwenye dagaa na migebuka ya baba yake. Kuna mihula alirudishwa nyumbani akakaa ufukweni kuanika dagaa mpaka pesa ipatikane. Haoni haya kulisema.

"Cheti changu ukikinusa vizuri kina harufu ya migebuka," anasema, akikipigapiga kifuko chake. "Wengine vyao vinanuka marashi. Changu nakijua kilikotoka."

Leo, wakati mwingine, huwa na mwenzake mmoja tu kwa wodi nzima ya wazazi. Miguu huvimba. Chai hupoa kwenye kikombe mpaka inaota ngozi. Lakini hakuna aliyewahi kumwona akimshika mama kabla ya kujitaja.

Joséline alipobeba mimba ya pili, aliapa mbele ya mumewe kwamba hataguswa na mtu ambaye karatasi zake hajaziona. Didace ni dereva wa bodaboda, akaifanya kazi ya kumtafuta mkunga juu ya pikipiki.

"Kila abiria nilikuwa namuuliza: mkunga wa kweli mji huu yuko wapi?" anasema Didace. "Wengine wakadhani nimechanganyikiwa. Mama mmoja wa Kakese ndiye akaniambia, nenda Kawajense, ulizia yule mwenye leseni shingoni."

Wakaja. Na nusura waondoke siku ile ile.

Mama Immaculata aliona kifuko cheusi, ngozi, uzi, shingo. Hakungoja maelezo. Alimshika mkwe wake mkono akamvuta hadi getini.

"Mimi nimebatizwa!" alipaza sauti, foleni nzima ikisikia. "Sijatoka Katumba kuja kumkabidhi mkwe wangu kwa mganga! Hirizi kubwa namna ile, tena kaivaa mchana kweupe!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Klementina hakucheka. Aliwafuata getini, akavua kifuko, akakiweka mkononi mwa Joséline.

"Fungua mwenyewe," alimwambia. "Soma, na usome kwa sauti."

Joséline akasoma pale getini. Jina. Namba. Tarehe. Alipofika kwenye neno "mkunga" alilirudia mara mbili. Mama Immaculata akaichukua leseni, akaitazama picha, akamtazama mwenye picha.

"Mbona hapa mwembamba?"

"Ugali wa Mpanda, mama."

Hapo ndipo bibi alipocheka. Tangu siku hiyo Joséline na mumewe hawajakosa kliniki hata moja, ijapokuwa kutoka kwao ni karibu saa nzima ya vumbi.

Klementina ana mpango wake sasa. Anataka kuzunguka Katumba, Kakese na mitaa ya mji, baada ya misa na baada ya swala ya Ijumaa, awafundishe wanawake swali moja tu: wewe ni nani, na leseni yako iko wapi?

"Nataka swali hilo liwe kama hodi," anasema. "Mtu asione umemtukana. Mimi nikiulizwa, najisikia mrefu kama mnara wa simu."

Pazia linafunguliwa. Joséline anatoka taratibu, mkono kiunoni, tabasamu usoni. Mtoto ametanguliza kichwa, mapigo ni mazuri. Lakini Mama Immaculata hasimami. Anamtazama mkunga.

"Dada nesi, niahidi mtoto atalia."

Klementina anakaa kwenye benchi kando yake, magoti yakigusana.

"Hiyo siwezi, mama. Anayekuahidi hivyo anakudanganya, mkimbie."

"Sasa unaniahidi nini?"

Klementina anakivua kifuko, anakiweka kwenye kiganja cha bibi, juu ya rozari, na kukifumba kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

"Mimi, Klementina Ponsian, nakuahidi hivi. Uchungu ukimwanza, nipo zamu au sipo, Didace anipigie, nitakuja. Hakuna mkono utakaomgusa Joséline kabla mwenye mkono hajataja jina lake. Na likitokea la kunishinda, nitasema limenishinda, pale pale, bila aibu, na gari la kwenda hospitali litaitwa. Lakini lile neno la wale wenye makoti, mama, la 'bado kidogo' huku sijui kitu, kwangu hutalisikia."