Maji ya Kwanza ya Bidoni Namba 417

Ilikuwa Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, Sephora alipobebwa kutoka kazini. Hakurudi tena. Alikuwa ameosha bidoni tisa.

Leo, mahali pale pale kando ya Mto Lubumbashi, dada yake, Adolphine Mwenya, mwenye miaka 46, anaosha peke yake. Anatia maji ndani ya bidoni, dumu la plastiki la lita ishirini, anafunga, anatikisa, anamwaga. Kiti cha pili kipo pembeni. Hakuna anayekikalia.

Bidoni zilizotumika hufika hapa zimebanduliwa karatasi. Ili kujua zilibeba nini, waoshaji huonja maji ya kwanza. Zenye uchungu huuzwa kwa mafundi wa ujenzi. Zenye utamu hudhaniwa zimetoka kiwanda cha soda. Hizo hugombewa na wauza munkoyo, kinywaji cha mahindi. Maji yake matamu waoshaji huyanywa.

"Sephora akaonja, akacheka," anasema Adolphine, ambaye kwa Sephora alikuwa yaya, dada mkubwa. "Akaniambia, 'Yaya, hii iko mutamu sana!' Nikamujibu, 'We mulafi, uniachilie kidogo.'"

Sephora alikunywa kikombe kizima. Cha pili akamwekea dada yake, aliyekuwa ameitwa na mteja. Adolphine aliporudi, alimkuta mdogo wake anayumba kama mlevi.

"Nikazania sukari itamurudishia nguvu." Anakung'uta mikono. "Kile kikombe changu, njo nilimunywesha."

Figo zilikufa. Ijumaa Sephora akafariki, akiwa na miaka 31. Daktari alisema ni dawa ya kupoza injini za mitambo ya mgodini. Ni sumu, na ni tamu.

Bidoni ile ilitoka kwa kampuni kubwa ya taka, inayolipwa na migodi kusaga bidoni zao zote. Lori lake ndilo lililozishusha hapa, zikauzwa nzimanzima. Baada ya mazishi, Adolphine aliibeba hadi langoni pa kampuni hiyo. Namba 417 ilikuwa imechomwa kwenye plastiki. Karani alifungua orodha.

"Mama, 417 ilisagwa tarehe tatu. Haiko tena."

"Haiko? Na hii minabeba ni nini, muzimu yake?"

Mlinzi alicheka. Karani akafunga daftari. Chini ya ukurasa Adolphine alikuwa ameona sahihi ya mkaguzi aliyethibitisha kwamba zilisagwa.

Siku hizi Adolphine anaosha bidoni za mafuta ya kula tu, anazozifuata mwenyewe kwenye mikahawa. Namba 417 ameifungia chumbani. Mume wake, Ngosa, analalamika kwamba analala na ushahidi.

"Avumilie," anasema Adolphine. "Jumatatu tunaipeleka kwa ofisi ya mazingira. Baandike kwamba 417 iko. Na ile lori isimame."

Alhamisi hii lori limefika tena. Wauza munkoyo wanauliza zipi ni tamu.