Kitambara cha Consolate

Bulonza wa kijiji cha Miti hakujua kusoma. Alijua mihogo, alijua ng'ombe, na kwa miaka arobaini na mbili alimjua Consolate, mke wake.

Consolate alipougua mapafu walishuka Bukavu, kwenye kliniki ya kifua. Akalazwa karibu na mashini ya oksijeni, mpira wa hewa puani. Hata hivyo mikono yake haikutulia. Alifuma kitambara cheupe chenye maua pembeni, na Bulonza akafunika nacho mashini, kama walivyofunika redio nyumbani. Ilikuwa heshima.

Consolate alikufa mwezi wa pili. Mwezi wa tano, muuguzi Elodie akapiga simu kwa jirani wa Bulonza. Kliniki imeanzisha daftari la mashini, alisema. Kila kasoro inaandikwa, na familia za waliotangulia zinaombwa kuja kusema walichoona.

Bulonza alikuja na koti lake la misa. Chumba kile kile. Mashini ile ile, na kitambara juu yake. Kitandani, mama mwingine.

"Karibu, Papa," yule mama akasema. Aliitwa Mwanvita, muuza vitenge. "Umekuja kunioa? Niko na bwana, lakini anajua kulala tu."

Bulonza hakucheka. Aliweka kiganja juu ya kitambara. Moto.

Moto ule aliujua. Siku mbili kabla ya kifo, mashini ilipata moto hivyo hivyo, ikanyamaza. Aliipiga kofi, ikaamka. Kesho yake ikanyamaza tena, akaipiga tena. Hakumwambia mtu. Wauguzi walikuwa wanakimbia huku na huku. Aliona haya kuwaita kwa jambo la kofi moja.

Hata sasa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona.

Mwanvita akakohoa, kikohozi kirefu. Bulonza akavuta kitambara.

"Acha, Papa! Hicho ndiyo urembo yote ya hii chumba!"

"Mashini inaungua."

Upande wa nyuma, matundu ya kuvutia hewa yalikuwa yamezibwa na kitambara hicho. Elodie, aliyekuwa mlangoni na daftari, akaja akagusa, akashtuka. Alileta mashini nyingine kwanza, akamhamishia Mwanvita mpira, akangoja apumue vizuri. Ndipo akauliza:

"Nani alikiwekaka?"

"Ni miye."

Akasema yote, na yale makofi. Elodie akaandika.

"Hata sisi, Papa," akasema bila kuinua kichwa. "Tulikifua, tukakirudisha. Tuliona ni kizuri."

"Andika Bulonza."

"Hapa hatuandikake jina ya muntu. Namba ya mashini tu, na kile kilifanyika. Hatutafuti mwenye makosa."

"Mimi niko hapa. Niandike."

"Hakuna pahali yake, Papa."

Alitazama ukurasa ule asioweza kuusoma. Akauliza neno moja tu.

"Ni hicho kilimuua?"

Elodie aliweka kalamu ya biki chini. "Mapafu yake ilikuwa imechoka sana. Lakini sijui, Papa. Sitakudanganya."

Bulonza akaitikia kwa kichwa. Akakunja kitambara mara nne, maua kwa ndani, akakitia mfukoni. Mwanvita alikuwa amesinzia, kifua kikipanda na kushuka bila shida. Alisimama kumtazama kidogo, kisha akatoka.

Alipanda gari la kurudi Miti. Mkono wake ulikuwa mfukoni. Kitambara kilikuwa bado na joto. Alikishika hivyo mpaka kikapoa.