Sindano ya Kulwa, Bega la Doto

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku lilipopita gari la matangazo hapa Igogo, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kijana akawa na furushi lake la mitumba. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeingia mjini. Serikali ikafunga shule, ikazuia mikusanyiko mpaka ya msibani, na ikatangaza kuwa bila kadi ya chanjo hakuna kupanda kivuko cha Busisi.

Mimi nguo zangu nilikuwa nauzia Geita, ng'ambo ya pili. Sasa nikwambie aibu yangu, na usicheke: niliogopa sindano. Dume zima, furushi la mitumba nabeba kichwani, sindano siwezi. Mwenye moyo alikuwa Doto, pacha wangu. Asubuhi akapanga foleni kwa jina lake, akachanjwa bega la kushoto. Mchana akabadili shati, akarudi kwa jina langu, akatoa la kulia. Nesi aliiona ile sura, lakini huku kwetu nani asiyejua kuwa Kulwa na Doto ni majina ya mapacha? Tulicheka sana siku hiyo, wajinga sisi.

Wiki ya tatu kichwa kikaanza kuniuma, shingo ikakakamaa. Mganga wa zahanati akaiangalia kadi, akaona nimechanjwa, akanipa dawa za malaria. Nikazidi kuzidiwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Yaliyofuata nilisimuliwa tu. Doto alimwogopa sana baba yetu, lakini aliponiona simtambui, alipiga magoti mbele yake na mbele ya mganga.

"Baba, huyu hajachanjwa," akasema. "Sindano yake ninayo mimi."

Nikakimbizwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Nilipona, ila sikio hili la kushoto halijasikia tena tangu hapo. Nami nilimngoja baba atuchape, japo tulikuwa wakubwa. Hakutuchapa. Alikaa kwenye kitanda changu, akamshika Doto begani.

"Wanangu," akasema, "tumbo la mama yenu mligawana. Mwili kila mtu alipewa wake." Kisha akalia, na mimi sikuwahi kumwona baba akilia.

Basi mwanangu, serikali ina mengi ya kulaumiwa, nami huilaumu kila jioni, unanijua. Lakini ikikuletea chanjo, toa bega lako mwenyewe. Ukiogopa, sema unaogopa. Ningemwomba Doto anishike tu mkono pale kwenye foleni, angenishika, wala asingenicheka zaidi ya siku mbili. Na ukishakosea, usingoje mpaka mtu azidiwe ndipo ufungue mdomo.

Mungu akupe ndugu wa kukusemea ukweli siku ulimi wako umeshindwa. Na siku ndugu yako ndiye aliyelala kitandani, akupe wewe magoti ya kupiga.